Sahani ya Mbayuwayu

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika kwetu Mtopanga ukakaribishwa chai, basi umeiona. Sebule yetu ni ndogo, viti vitatu na meza, na ukikaa kwenye kiti chochote unatazamana na kabati la vioo la Bibi. Ndani ya kabati mna vikombe vya harusi ya Mama, birika lililopoteza kifuniko, gilasi sita ambazo hazijawahi kunywewa, na katikati, imeegemezwa kama mtu mkubwa aliyekuja kuposa, sahani moja pana ya zamani. Mgeni akiitupia jicho tu, Bibi hujikohoza na kusema, "Hiyo ni ya Mchina. Ya zama na zama."

Wacha niieleze, kwa sababu kisa chote kimo ndani yake. Rangi yake si nyeupe hasa, ni ya maziwa yaliyodondokewa na chai. Mchoro wake ni wa kahawia. Upande wa kushoto umesimama mwanzi, na juu ya mwanzi wanaruka mbayuwayu wawili, mmoja amegeuza tumbo. Chini yao kuna kipepeo, si mdudu, ni kile cha kujipepea wakati wa kaskazi, kimefunguliwa nusu, na ndani yake mmechorwa kijumba na daraja dogo. Upande wa kulia? Hakuna kitu. Patupu. Nilipokuwa mdogo nilidhani mchoraji aliitwa kula wali akasahau kurudi. Ukingo umezungukwa na utepe wa maua. Tena kutoka ukingoni pana ufa mrefu, na ukiigeuza sahani utaona ufa huo umeshikwa kwa nyuma na pini tatu za shaba, zimekunjwa kama pini za stepla ila ni nene. Habari za pini hizo nilikuwa nikimwuliza Bibi, naye alikuwa akinituma dukani.

Msidhani kwamba sahani ile ni pambo tu. Ina kazi. Mtu akiugua mtaani kwetu, au mtoto akiwa halali usiku, hutumwa mtu kuja kuiazima. Mwalimu wa madrasa huandika aya juu yake kwa zafarani, kisha maandishi huoshwa kwa marashi na maji, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Ndiyo maana Bibi haiiti sahani hata siku moja. Yeye huiita "kombe langu". Mimi mwenyewe nimelinywa kombe hilo usiku wa kuamkia mtihani wa darasa la nane, na alama nilizopata mnazijua. (Mwalimu wetu wa Bayolojia atanisamehe. Nilisoma pia.)

Basi tulipokuwa kidato cha pili tulipelekwa Fort Jesus, au Ngomeni kama Bibi anavyopaita. Wengi wenu mlikuwako. Tulionyeshwa kuta zilizojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, tukaonyeshwa vitu vilivyoopolewa kutoka meli yao, Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Halafu tukasimama mbele ya kabati lenye mabakuli ya Kichina, ya buluu na nyeupe, mengine vigae vitupu vimeungwa upya. Mwalimu akasema vitu hivi ni vya thamani kubwa. Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Nikasema kwa sauti ambayo hata kidato cha nne waliisikia, "Ah, hii hata kwetu ipo. Tena yetu ni nzima."

Tangu siku hiyo nikawa ndiye mwenye sahani ya Mchina. Jirani yangu wa dawati, ambaye ana akili za biashara kuliko za Hisabati, hakuniacha hata wiki moja. "Wewe umelalia mali na huku unashindia maandazi mawili. Iuze! Utalipiwa mpaka chuo kikuu."

Nikawa namcheka. Lakini muhula wa kwanza wa mwaka huu sikucheka tena. Mama anafanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja huku pwani, na watalii walipopungua, siku zake za kazi zikapunguzwa kuwa tatu kwa wiki. Nikajikuta nadaiwa pesa za chakula cha mchana, shilingi 3,200. Si pesa nyingi, mtasema. Kwa mwenye nazo si nyingi. Lakini mimi nilikuwa nikisikia jina langu likisomwa kwenye orodha asubuhi baada ya asubuhi, natamani ardhi ipasuke inimeze nikiwa na mkoba wangu na viatu vyangu vilivyotoboka.

Ikatokea Bibi akaenda Malindi kwenye hitima ya jamaa yake. Aliondoka Ijumaa, akasema atarudi Jumapili. Jumamosi Mama akaingia kazini alfajiri, ndugu yangu mdogo akaenda madrasa. Nikabaki mimi na kabati.

Sitasema shetani alinipitia. Shetani hakupita. Nilikaa kitini nikaiangalia ile sahani, nikapiga hesabu kwa utulivu kabisa: pesa za chakula, za mitihani, viatu vya Mama, na chenji itakayobaki nitamnunulia Bibi sahani nyingine nzuri zaidi, ya maua mekundu, kule sokoni Kongowea. Nikachukua leso mbili kuukuu nikaizongazonga kama mtoto mchanga, nikaitia katika mkoba wa shule. Nikavaa sare ingawa ilikuwa Jumamosi, ili mtu akiniona asinidhanie mwizi.

Kwenye matatu niliipakata. Pale darajani Nyali kuna matuta na dereva alikuwa mtu wa mbio, na kila gari liliporuka, roho yangu iliruka nayo. Makanga akaniuliza kama nimebeba mayai. Nikamjibu ndiyo, ni mayai. Basi huo ukawa uongo wa kwanza wa siku hiyo, na ulikuwa mdogo kuliko yote.

Nikashuka Posta nikashika barabara ya Nkrumah mpaka Mji wa Kale. Katika vichochoro vya kule mna maduka yanayouza vitu vya zamani kwa wageni: majambia, mabirika ya shaba, vifua vya mbao vilivyopigwa misumari. Nikaingia katika duka moja ambalo sitalitaja. Mzee mwenye duka akaifunua leso taratibu, akaitazama sahani mbele, akaigeuza, akazigusa zile pini kwa ukucha.

"Hii si ya Mchina," akasema.

"Ni ya Mchina, mzee. Bibi yangu—"

"Mwanangu, bibi yako namheshimu. Lakini hii ni ya Mzungu. Tena imevunjika. Nikufae kwa 500."

Mimi nikajua hapa naibiwa. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba mwenye duka husema kitu chako hakina thamani ili akinunue kwa bei ya peremende. Nikaifunga sahani yangu. Akapanda 700. Nilipofika mlangoni akasema 800, na hapo nikawa na hakika kabisa kwamba ni ya Mchina.

Ilibaki kumpata mtu wa kunithibitishia. Ngome ilikuwa hapo hapo, hatua chache. Nikalipa kiingilio cha mwanafunzi kwa nauli yangu ya kurudia, nikamweleza askari wa mlangoni kwamba nina kitu cha kuonyesha. Nikangoja sana. Mwishowe akaja mama mmoja mfanyakazi wa makumbusho, mtu mzima, miwani ikiwa imeninginia shingoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nafanya utafiti wa chama cha Kiswahili. Uongo wa pili. (Ingawa, kama mnavyoona, umegeuka kuwa kweli.)

Ndugu msomaji, mama yule alinifundisha kwa nusu saa mambo ambayo ningependa uyajue, basi nivumilie.

Kwanza alichukua simu yake akawasha tochi, akaimulika sahani kwa nyuma. "Unaona mwanga?" Sikuona kitu. Akatoa bakuli dogo la Kichina lililopasuka, akalimulika vivyo hivyo, na kivuli cha kidole chake kikaonekana upande wa pili kama kidole nyuma ya pazia. "Hii ni kauri hasa. Yako ni udongo mzuri uliopakwa uji wa kung'arisha, ule unaogeuka kama kioo ndani ya tanuru. Ndiyo maana ule wako umefanya nyufa kama utando wa buibui. Kauri kwa kawaida haifanyi hivyo."

Kisha akaniambia nifuate utepe wa maua ukingoni kwa kidole, pole pole, mpaka nipate ua lililokatika. Nikazunguka, nikalipata! Ua moja nusu yake ipo, nusu haipo, na lililo jirani limelipanda kichwani. Miaka yote nimeiosha sahani ile na sikuwahi kuliona. Akasema hapo ndipo karatasi ilipokutana na karatasi. Kumbe hakuna mkono uliochora mbayuwayu wale juu ya sahani. Mchoro ulichongwa mara moja kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino, wino ukapigwa kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, ikasuguliwa, ikaoshwa. Karatasi ikaenda na maji, wino ukabaki. Aliposema hivyo nilikumbuka kombe: huku wino unaoshwa ili unywewe, kule karatasi inaoshwa ili wino ukae. Sikumwambia. Niliona haya.

Mwisho akaigeuza. Chini ya sahani, karibu na pini ya tatu, pana kialama cha kahawia ambacho mimi siku zote nilikidhania doa. Kwa kioo cha kukuzia likawa umbo kama kishada cha kurusha, na juu yake kiduara chenye IV. "Hii ni alama ya kuandikisha michoro Uingereza," akasema, "ili mwenye kiwanda mwingine asiiibe. Waliitumia tangu 1842 mpaka 1883. Kuanzia 1884 wakaacha wakatumia nambari tupu. Hiyo IV maana yake ni vyombo vya udongo na kauri. Haya, pembe ya kulia pana herufi gani?"

"Y."

Akafungua daftari lake lenye jedwali. "Y upande wa kulia ni 1879. Huo ni mwaka mchoro ulipoandikishwa. Sahani yenyewe yaweza kuwa ya mwaka huo au ya baadaye kidogo. Haina neno England. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1890 kwamba bidhaa za kigeni ziandikwe zinakotoka, na tangu 1891 viwanda vingi vya Kiingereza vikawa vinaliandika."

Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kushuka, lakini nikajaribu mara ya mwisho. Nikamwuliza, je, mianzi? Na kile kijumba? Mwingereza ana mianzi?

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Hilo ndilo zuri. Hiyo ni Japani." Akanieleza kwamba Japani ilijifungia kwa zaidi ya miaka mia mbili, ikifanya biashara na wageni wachache tu, mpaka manowari za Marekani zilipofika mwaka 1853 na kuilazimisha ifungue milango. Mwaka 1862 palikuwa na maonyesho makubwa London, na balozi wa Kiingereza aliyekuwa Japani, Rutherford Alcock, akaonyesha vitu alivyovikusanya kule. Waingereza wakashikwa na wazimu wa Japani. Mchoraji wao mmoja mashuhuri, Christopher Dresser, alisafiri mwenyewe akaenda kuiona, mwaka 1876 akarudi 1877. Lakini wengi katika vile viwanda vya Staffordshire hawakwenda popote. Walitazama picha, vipepeo na masanduku yaliyoletwa, wakachukua mwanzi hapa, ndege pale, wakaunganisha. Hata ule upande mtupu wa sahani yetu waliuchukua kwa Wajapani, ambao huacha nafasi makusudi ili jicho lipumzike. Kwa hiyo mchoraji hakuitwa kula wali. Nilisikitika kidogo.

"Basi tazama," mama yule akasema. "Mwingereza ambaye labda hajaiona Japani anachora Japani. Mtu wa Mombasa anaiita ya Mchina. Na sahani imenyamaza tu."

Nikamwuliza lile lililonileta: ni ya bei gani? Akasema makumbusho hayapangi bei, lakini nisidanganyike, sahani za namna hii zilitoka viwandani kwa maelfu, ili hata karani wa kawaida aweze kuweka Japani yake mezani. Halafu, nadhani kwa sababu aliuona uso wangu, akaniambia kwamba watu wa pwani hii wamependa vyombo vya ng'ambo tangu kitambo. Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Lamu nyumba za kale zina zidaka ukutani, tundu juu ya tundu, za kupangia kauri. Na meli za mvuke zilipoanza kuja kwa wingi baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, zikaleta za Ulaya, mabakuli ya Maastricht kutoka Uholanzi na sahani za Uingereza, na hizo pia zikapewa mahali pao. "Yenu nayo imepewa mahali," akasema. "Hizo pini zinaonyesha. Fundi alitoboa vishimo sita kwa mkono bila kufika upande wa pili. Kazi hiyo mtu haifanyi kwa sahani asiyoitaka. Muulize bibi yako ni nani aliyezitia."

Nilitoka Ngomeni jua limesimama kichwani. Sina nauli, sina Mchina, sina 800. Kwa kweli nilifikiri kurudi kule dukani. Nilisimama mwanzo wa kichochoro kile kwa muda ambao sitaki kuutaja. Kisha nikaenda kwa miguu mpaka Buxton, daraja nikalivuka kwa miguu pia, nikiwa nimeikumbatia ile leso, magari yakinipulizia moshi, na chini kule maji ya mkondo yakimeremeta. Mbele ya daraja mama mmoja wa mtaani kwetu akanitambua akanilipia matatu.

Alasiri nafika nyumbani, mlango uko wazi. Bibi amekaa. Alipata lifti Malindi asubuhi, akaona heri arudi. Kando yake jirani yetu amempakata mtoto wake wa miezi minane anayewaka homa. Walikuwa wametoka zahanati na dawa wamepewa, na sasa alikuja kuazima kombe. Kabati liko wazi. Pale katikati, patupu, kama ule upande wa kulia wa sahani.

Bibi hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Ndoo hapa. Kombe langu li wapi?"

Nikaufungua mkoba. Nikaifunua leso ya kwanza, nikaifunua ya pili. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ufa kutoka mwanzo hadi mwisho, akazihesabu pini. Moja, mbili, tatu. Kisha akanitazama.

"Ulikwenda kuiuza."

"Ndiyo, Bibi."

"Shilingi ngapi?"

"Mia nane."

Akaguna. Akanipa sahani nikaioshe, na maji yakanitoka machoni nikiwa pale karoni, mengine yakaingia sahanini, sijui kama hilo linaharibu kombe. Mwalimu akaja, akaandika. Zafarani juu ya mbayuwayu, juu ya mwanzi, na pale penye nafasi tupu maandishi yake yakakaa vizuri kabisa, kana kwamba Mwingereza yule aliacha mahali hapo kwa ajili yake. Mtoto akanyweshwa kwa kijiko.

Usiku, Mama amelala kwa uchovu, Bibi akaniita barazani. Nilidhani sasa ndiyo kiboko. Kumbe alitaka kujua niliyoambiwa. Nikamweleza yote, tochi, ua lililokatika, alama ya kishada, 1879, Japani. Nikamalizia kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Bibi, si ya Mchina."

"Najua," akasema. "Mimi nalijua tangu nina miaka saba."

Ndipo akanipa habari za pini. Mama yake, yaani aliyemzaa Bibi, alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu kule Kizingo, kabla ya uhuru wa mwaka 1963. Siku moja sahani kubwa ya pale ikaanguka ikapasuka vipande viwili, ikatupwa jaani. Jioni, kazi imekwisha, akaenda jaani akaviokota. Akavifunga katika leso. Nyakati hizo daraja la Nyali lilikuwa la kuelea juu ya maboya, hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Akalivuka kwa miguu, vigae vya sahani vikigongana kifuani mwake, mpaka kwao Kisauni. Mshahara wa wiki nzima akampa fundi mmoja wa Mji wa Kale aitie pini. Babake Bibi aliposikia alimcheka na kumfokea: mwanamke mzima ameokota takataka za Mzungu akazilipia pesa!

"Sasa watu wakawa waja," Bibi akasema, "waiona, wauliza yatoka wapi. Mamangu akaona haya kusema yatoka jaani. Akasema ni ya Mchina. Ikawa hivyo. Akanirithisha mimi sahani na akanirithisha na uongo wake."

Tukanyamaza. Vyura walikuwa wakipiga kelele upande wa bondeni. Nilitaka kumwambia nilivyovuka daraja na ile leso, nikaona hakuna haja. Akasema mwenyewe: "Na wewe wavuka na leso vile vile. Ila yeye alikuwa aileta nyumbani."

Hilo lilinichoma kuliko kiboko chochote.

Lile deni? Jumatatu Mama alikwenda kuonana na mwalimu wangu wa darasa, wakakubaliana alipe kidogo kidogo. Bibi akaongeza kilo mbili za unga kwenye mahamri anayouza asubuhi, na mimi ndiye ninayeukanda, saa kumi alfajiri, kwa hiyo mkiniona nasinzia somo la kwanza mjue sababu. Kufikia sasa tumebakiza 600. Jirani yangu wa dawati bado ananiambia nilikuwa mjinga kukataa 800. Mtoto wa jirani homa ilimtoka siku ya tatu, na mamake anazishukuru dawa za zahanati na kombe kwa pamoja, hachagui.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Bibi ruhusa, maana siri ni yake. Alifikiri kwa siku mbili. Siku ya pili jioni, anachambua mbaazi, akasema bila kuinua uso, "Andika. Lakini andika hivi: mamangu hakuiba. Aliokota. Waandike sawasawa."

Nimeandika.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Mwandoni, watu wa heshima, kwa mambo ya harusi ya binamu yangu. Mmoja wao akaitupia jicho sahani. Bibi akajikohoza. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, tukatazamana.

"Hiyo," Bibi akasema, "ni ya Mjapani."

Nikawamiminia chai.